Mto Uvukwao na Mto Unywewao: Safari ya Ahera katika Utungo wa Dante na katika Tenzi za Kiswahili

Katika ushairi wa mataifa mengi, roho ya mtu iachapo dunia hukuta maji njiani. Jambo hili limetajwa mara nyingi na wataalamu wa visasili, hata limekuwa kama la kawaida. Lakini lipo swali moja la lugha ambalo halijapewa nafasi yake: maji hayo hufanywa nini? Je, huvukwa au hunywewa? Swali hili laonekana dogo, walakini mfasiri atakaye kuutia katika Kiswahili utungo wa Kikristo wa zama za kati hawezi kwenda mbali kabla hajalijibu. Akikosea hapa, msomaji wake ataelewa maneno yote na kupotewa na maana.

Makusudi ya makala haya ni kupima tungo za pande mbili. Upande mmoja ni La Divina Commedia ya Dante Alighieri, mshairi aliyezaliwa Florence mwaka 1265 na kufariki Ravenna mwaka 1321. Upande wa pili ni tenzi za pwani ya Afrika ya Mashariki zisimuliazo Kiyama, Miiraji, pepo na moto, pamoja na Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Pande hizi hazikuchaguliwa kwa sababu mmoja ulimzaa mwenzake. Zimechaguliwa kwa kuwa kila upande una msamiati uliokamilika wa safari ya ahera, na misamiati hiyo miwili hailingani mahali pamoja muhimu, yaani kwenye mto.

Yafaa kuanza na upande wa Kiswahili. Watunzi wa tenzi walichukua picha zao za ahera kutoka katika Kurani, Hadithi na vitabu vya wanazuoni. Katika Kurani, mito ya peponi hutajwa tena na tena kuwa yapita chini ya bustani, na katika sura ya 47, aya ya 15, huhesabiwa aina nne: mito ya maji, ya maziwa, ya mvinyo na ya asali. Sura ya 108 yataja Kauthar, ambayo wafasiri wengi huieleza kuwa ni mto wa peponi. Na Hadithi huongeza habari za hodhi ya Mtume, ambayo aliyekunywa humo haoni kiu tena. Katika mapokeo hayo yote mto ni malipo ya mwema. Mtu haendi kwenye mto ili afike ng'ambo, huenda anywe. Hata upande wa adhabu mambo ni hayo hayo, kwani aya iyo hiyo ya sura ya 47 yasema kwamba watu wa motoni hunyweshwa maji yachemkayo yakatayo matumbo. Kwa hiyo tofauti ya mwema na mwovu haionekani katika kuvuka maji, bali katika kinywaji.

Basi kuvuka kumewekwa wapi? Kumewekwa juu ya Sirati. Sirati ni daraja iliyotandazwa juu ya moto, nyembamba kuliko unywele, kali kuliko upanga. Watu huipita baada ya hisabu, wengine kama umeme, wengine kama upepo, wengine kama farasi wa mbio, wengine kwa kutambaa, na wengine huanguka. Hivyo katika fikira za mtunzi wa Kiswahili kazi mbili zimegawanywa: daraja ni ya kuvukwa, mto ni wa kunywewa. Mgawanyo huu umekaa imara kiasi kwamba mtunzi hahitaji kuueleza. Wasikilizaji wake wanaujua tangu chuoni.

Kwa Dante mambo ni mengine. Yeye alirithi mito ya jehanamu kutoka kwa washairi wa Kilatini, hasa Virgil, ambaye katika kitabu cha sita cha Aeneid alimshusha shujaa wake kuzimu. Dante aliiweka mito hiyo minne katika mpango mmoja. Katika canto ya 14 ya sehemu ya kwanza asimulia kwamba ndani ya mlima wa kisiwa cha Krete imesimama sanamu ya mzee mkubwa, iliyofanyizwa kwa dhahabu, fedha, shaba, chuma na udongo. Isipokuwa kichwa chake cha dhahabu, mwili wote una ufa utokao machozi. Machozi hayo hupenya mwamba na kushuka, yakawa Acheron, kisha Styx, kisha Phlegethon, na mwisho Cocytus. Ni maji mamoja yenye majina manne, na asili yake ni kilio cha wanadamu.

Kila jina lina kazi yake. Acheron ni mpaka wa jehanamu, na mzee Charon huwavusha waliolaaniwa kwa mashua yake. Styx ni bwawa la matope walimozama wenye hasira. Phlegethon ni mto wa damu ichemkayo, adhabu ya waliowamwagia wenzao damu. Cocytus haupiti tena. Umeganda ukawa barafu, na wasaliti wamefungwa ndani yake. Kadiri msafiri ashukavyo ndivyo maji yapotezavyo mwendo wake, hata chini kabisa, mahali pa chuki tupu, hayatikisiki.

Katika sehemu ya pili maji hubadilika tabia. Juu ya mlima wa Toharani, katika bustani ya Edeni, hutoka chemchemi moja igawanyikayo mikono miwili. Mkono wa kwanza ni Lethe, uondoao kumbukumbu ya dhambi. Wa pili ni Eunoe, jina alilolibuni Dante mwenyewe, urudishao kumbukumbu ya kila tendo jema. Msafiri huzamishwa katika wa kwanza na kunywa maji yake, kisha hunywa maji ya wa pili. Mwishowe, katika canto ya 30 ya Paradiso, huona mto wa nuru kati ya kingo mbili zenye maua, akaunywa kwa macho, na mto huo ukageuka mviringo mbele yake. Kwa ufupi, Dante aanza na mto uvukwao na kumaliza na mto unywewao. Kazi mbili zilizogawanywa katika tenzi za Kiswahili, kwake zimewekwa katika maji yale yale, na mageuzi hayo ndiyo safari yenyewe.

Isidhaniwe kwamba daraja ya hukumu haikujulikana kwa Wakristo wa zama zile. Papa Gregory Mkuu, katika kitabu cha nne cha Majadiliano yake, kilichoandikwa karibu na mwaka 593, asimulia habari ya askari aliyeonekana amekufa akarudiwa na uhai. Askari huyo aliona daraja juu ya mto mweusi unukao, na ng'ambo yake mbuga za majani mabichi; wenye haki walivuka, waovu walitumbukia. Katika masimulizi ya Tnugdal, yaliyoandikwa kwa Kilatini mwaka 1149, madaraja ya namna hiyo yanatajwa pia. Nayo dini ya Zarathustra huko Uajemi ilikuwa na daraja yake, Chinvat, tangu zamani. Dante ana madaraja ya mawe katika mzunguko wa nane wa jehanamu, lakini hayo ni njia tu, hayampimi mtu. Aliyajua masimulizi ya daraja ya hukumu au hakuyajua, hakuyatumia.

Hapa yapasa kutajwa mjadala maarufu. Mwaka 1919 mwanachuoni wa Kihispania Miguel Asín Palacios alitoa kitabu akidai kwamba mpango wa Dante umetokana kwa sehemu kubwa na habari za Kiislamu za Miiraji na ahera. Wengi walimpinga, wakiuliza Dante, asiyejua Kiarabu, angezipata wapi habari hizo. Mwaka 1949 Enrico Cerulli huko Italia na José Muñoz Sendino huko Hispania, kila mmoja kwa upande wake, walichapisha Kitabu cha Ngazi, yaani habari za Miiraji zilizofasiriwa katika karne ya 13 kwenye baraza la mfalme Alfonso wa Kumi wa Castile. Tafsiri yake ya Kilatini na ya Kifaransa ni ya Bonaventura wa Siena. Basi njia ilipatikana, ingawa kuwapo kwa njia si ushahidi kwamba mtu fulani aliipita. Kwa mtaalamu wa Kiswahili mjadala huu una faida yake: masimulizi ya Miiraji yaliyofasiriwa kwa Kilatini huko Ulaya ni ndugu wa yale yaliyotungwa kwa utenzi katika pwani yetu. Kulinganisha tungo za pande hizi si kulazimisha mambo.

Sasa yafuata hoja ya sarufi, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Kitenzi vuka kina jamaa kubwa katika Kiswahili: vuka, vukia, vukika, vusha, vushwa, na majina kivuko, mvukaji, mvushaji. Mkaaji wa Dar es Salaam hutumia jamaa hii yote bila kufikiri. Anayekaa Mbezi Beach hujua kwamba Mto Mbezi katika miezi ya kiangazi huvukwa kwa miguu mahali pengi, lakini masika yakinyesha sana watu husema haūvukiki. Anayekwenda Kigamboni kwa pantoni huvushwa. Lakini tangu daraja ya Kigamboni ilipofunguliwa mwaka 2016, aweza pia kuvuka mwenyewe, kwa gari au kwa miguu. Ni maji yale yale ya bandari, ila tendo si lile lile. Katika pantoni nguvu ni ya mwingine. Juu ya daraja nguvu ni ya mvukaji.

Tofauti hii ya vuka na vushwa yakata moja kwa moja kati ya tungo za pande mbili. Juu ya Sirati kila mtu huvuka, na mwendo wake ni kadiri ya matendo yake. Ni kweli kwamba mapokeo yanataja shufaa ya Mtume, hivyo msaada haukosekani. Lakini miguu ni ya mtu mwenyewe. Kwa Dante, kinyume chake, msafiri hushindwa kuvuka maji kwa nguvu zake. Kwenye Acheron huzimia, na azindukapo yuko ng'ambo. Namna alivyofika haikusimuliwa. Kwenye Styx huvushwa na Phlegyas kwa mashua. Kwenye Phlegethon huvushwa na Nessus, kiumbe nusu mtu nusu farasi. Roho ziendazo Toharani hukusanyika kwenye mlango wa mto Tiber, zikavushwa bahari na malaika asiyetumia makasia wala tanga ila mbawa zake. Na kwenye Lethe, mwanamke Matelda humshika msafiri na kumpitisha majini. Kwenye Cocytus hukanyaga mwenyewe, lakini huo si maji tena. Hivyo fundisho la Kikristo la neema, kwamba mtu hafiki kwa nguvu zake, limefichwa katika kauli ya kitenzi. Mfasiri aandikaye kwamba msafiri "alivuka" Styx hakukosea sarufi. Amekosea dini ya utungo.

Kosa la pili lingekuwa kuitia Sirati mahali pa Acheron kwa kuwa yote mawili yako mlangoni mwa ahera. Kwa kweli hayako mahali pamoja. Sirati huja baada ya hisabu, na wema na waovu wote huipita. Acheron huja kabla ya Minos kumpangia kila mmoja mzunguko wake, na wavushwao humo ni waliolaaniwa tu. Charon mwenyewe amwambia Dante kwamba yeye atachukuliwa na chombo chepesi zaidi. Mto huo haumpimi mtu. Hukumu imekwisha kupita katika maisha yake, na mto watia muhuri tu. Neno jema la Kiswahili kwa mahali hapo ni ng'ambo, kwa kuwa lina maana ya upande wa pili wa maji bila kutaja sifa ya upande huo. Huko Unguja neno hili lilikuwa jina la mtaa uliotengwa na Mji Mkongwe na mkono wa bahari, na jina limebaki hata baada ya maji hayo kufukiwa. Ng'ambo hudumu hata maji yanapoondoka; na kwa waliovushwa na Charon ni hivyo hivyo, mpaka umebaki daima.

Majina ya mahali pa ahera nayo yataka uangalifu. Kiswahili cha Kikristo kina maneno ya asili mbili. Kuzimu ni neno la Kibantu, lenye shina lile lile la mzimu, na maana yake ya kale ni makao ya waliokufa, wema kwa wabaya. Jehanamu limetoka Kiarabu, nalo ni mahali pa adhabu. Wafasiri wa Biblia walitumia tofauti hii vizuri: kuzimu kwa makao ya wafu kwa jumla, jehanamu kwa moto wa adhabu. Dante anahitaji maneno yote mawili, kwa maana katika mzunguko wake wa kwanza, uliopitwa tu na Acheron, wamo watu wema waliokufa bila ubatizo, akiwamo Virgil mwenyewe. Hao wako kuzimu bila kuteswa. Kwa sehemu ya pili, Wakatoliki wana neno Toharani, lililojengwa juu ya tohara, yaani usafisho. Neno hili lafaa kuliko kuazima la Kilatini, kwa kuwa Waislamu pia hutumia tohara kwa usafi wa mwili kabla ya sala, hivyo msomaji wa dini yoyote hupata mara moja kwamba mahali hapo pana maji na kuoshwa. Tena ndivyo ilivyo katika utungo: mara wafikapo ufukoni mwa Toharani, Virgil humnawisha Dante uso kwa umande.

Tatizo gumu zaidi ni Lethe. Kwa maana yake ya Kiyunani ni usahaulifu, na mfasiri mwepesi ataandika "mto wa usahaulifu". Lakini katika ushairi wa Kiswahili usahaulifu ni lawama. Al-Inkishafi yote imesimama juu ya jambo hili. Mtunzi aukemea moyo wake kwa kughafilika. Auonyesha majumba ya Pate yaliyobomoka na matajiri waliolala kaburini, kisha autisha kwa moto wa ahera. Dawa ni kukumbuka, na ugonjwa ni kusahau. Msomaji aliyelelewa katika ushairi huo atashangaa akiona mtu, baada ya kutubu, anazamishwa katika usahaulifu kana kwamba ni zawadi. Dante hakusudii kughafilika. Msafiri wake hazamishwi mpaka amekwisha kukumbuka dhambi zake kwa machozi mbele ya Beatrice. Kinachoondolewa baadaye ni uchungu wa deni lililolipwa. Kwa hiyo kitenzi kifaacho ni futa, sio sahau: "maji ya kufuta". Deni hufutwa, dhambi hufutwa, na maandishi ya ubaoni hufutwa ili yaandikwe mengine. Ndipo Eunoe huandika mema peke yake. Kwa neno hilo moja ugomvi wa mapokeo mawili huisha, kwa kuwa hata mtunzi wa Pate angekubali kwamba dhambi zikifutwa ni rehema.

Katika canto ya mwisho ya Toharani, Dante alinganisha mikono miwili ya chemchemi na Frati na Hidekeli, mito ya Edeni iliyotajwa katika sura ya 2 ya Mwanzo. Katika Hadithi ya Miiraji iliyopokewa na Bukhari, Mtume huona mito minne penye Mkunazi wa Mwisho, miwili ya ndani na miwili ya nje. Na hiyo ya nje ni Naili na Frati. Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wake: mto ambao Ziwa Viktoria huulisha maji umetajwa katika safari ya mbinguni, na Frati limesimama katika mapokeo yote mawili kama jiwe la mpakani lililo shirika.

Mwisho ni suala la bahari ya utungo. Utenzi wa kawaida una vipande vinne katika ubeti, kila kimoja na mizani 8, yaani mizani 32 kwa jumla. Al-Inkishafi ni tofauti, kwa kuwa ina mizani 10 katika kila mstari. Ubeti wa Dante una mistari mitatu, kila mmoja kwa kawaida na mizani 11, jumla 33. Kwa hesabu hiyo yaonekana ubeti mmoja wa utenzi ungetosha kubeba ubeti mmoja wa Dante, na Commedia, yenye mistari 14,233, ingekuwa tenzi ya beti 4,711 pamoja na mistari 100 ya kufungia canto. Hesabu hii yadanganya kidogo. Neno moja la Kiswahili kama nitakapokuvusha lina mizani 7, karibu kipande kizima, ambapo Kiitaliano huhitaji maneno mafupi kadhaa yawezayo kugawanywa. Tena vina havifanyi kazi moja. Katika utenzi, kina cha mwisho hurudi katika kila ubeti tangu mwanzo hata tamati, kama ukingo usiobadilika. Kwa Dante, kina cha mstari wa kati hushikwa na ubeti ufuatao, na kila ubeti humvusha msomaji hadi mwingine.

Haifuati kwamba utenzi haufai. Mathias Mnyampala alithibitisha kwa Utenzi wa Enjili Takatifu, na Julius Nyerere kwa tenzi zake za Biblia zilizotolewa mwaka 1996, kwamba bahari hii yabeba masimulizi ya Kikristo bila kuyumba. Kinachotakiwa ni mfasiri ajue kwamba akichagua utenzi amechagua pia masikio yaliyozoea Sirati na Kauthar, na kwamba masikio hayo yatasikia kila mto kama kinywaji mpaka yaambiwe vinginevyo. Njia ya kuyaambia imo ndani ya Kiswahili chenyewe: vushwa mahali pa vuka, ng'ambo mahali pa daraja, futa mahali pa sahau. Maneno haya matatu ni ya kila siku, na kila mpanda pantoni anayajua. Yakiwekwa mahali pake, msomaji wa Kiislamu ataona wapi njia ya Dante inaachana na ile aliyofundishwa, na msomaji wa Kikristo ataona kwamba neema aliyohubiriwa ina kauli yake katika sarufi ya lugha yake.